Kulala kando ya Ziwa Ellis na watoto

Mlima Kenya umezoeleka kuwa mlima wa wapandaji. Watu huja na waongozaji na wapagazi, macho yakiwa kwenye kilele cha Lenana chenye mita 4,985, na wakishuka husimulia baridi na miguu iliyochubuka. Lakini upande wa mashariki, juu ya mji wa Chogoria katika kaunti ya Tharaka-Nithi, kuna ziwa ambalo familia yenye gari la magurudumu manne yanayovuta inaweza kulifikia bila mtoto kubeba mzigo wowote. Ni Ziwa Ellis, lililo mita 3,455 juu ya usawa wa bahari, katikati ya nyika ya majani marefu na vichaka vya erika. Asubuhi kukiwa kweupe, vilele vya mlima huonekana vizuri kutoka huko, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuviangalia akiwa bado amejifunika blanketi.

Wepesi huo wa kufika ndio unaodai uangalifu. Mji wa Chogoria uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mtu anayepanda kwa miguu huchukua siku mbili kutoka mjini hadi ziwani, na mwili wake unapata muda wa kuizoea hewa nyepesi njiani. Gari humpandisha karibu mita 2,000 kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana ushauri wa kwanza, unaouzidi uzito ushauri mwingine wote katika ukurasa huu, ni kutolala ziwani usiku wa kwanza. Lala langoni.

Lango la Chogoria liko kwenye mita 2,950 hivi, palipo na uwanja wa kupiga kambi na mabanda ya kulala ya Meru Mount Kenya karibu yake. Usiku mmoja hapo, au miwili kwa familia inayotoka pwani, hubadilisha safari nzima. Watoto huamka wakiwa na hamu ya kula, wazazi hawaumwi kichwa, na kilomita chache zinazobaki hadi ziwani huwa matembezi au mwendo mfupi wa gari badala ya mtihani. Familia inayotoka Mombasa au Tanga ikumbuke kwamba imeanzia usawa wa bahari. Ivunje safari Nairobi au Embu usiku mmoja, ifike langoni siku ya pili, na ziwani siku ya tatu au ya nne.

Kutoka Nairobi hadi Chogoria ni karibu kilomita 200 za lami kupitia Embu na Chuka. Barabara hiyo hukata mabonde mengi ya mito inayoshuka mlimani na ina kona kali. Mojawapo ya mabonde hayo ni lile la Daraja la Nithi, ambalo limeua watu wengi kwa miaka. Ipitwe mchana, kwa mwendo wa chini, na dereva aliyelala vya kutosha. Toka mjini kuelekea langoni kuna takribani kilomita 30 zinazopanda kupitia mashamba ya kahawa na chai, kisha msitu, kisha mianzi. Mvua ikinyesha, sehemu za msituni huwa utelezi mtupu. Ukiwa na gari dogo, liache Chogoria mahali penye mlinzi ukodi gari la wenyeji, mara nyingi Land Rover ya zamani, ambayo dereva wake anaijua kila kona ya njia hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko kukwama na watoto kwenye mianzi saa moja usiku, maana tembo na nyati ndio wenye njia hiyo giza likiingia.

Miezi ya kwenda ni Januari na Februari, kisha mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huujaza upande huu wa mashariki mvua kuliko pande nyingine za mlima. Kwa wenye watoto wa shule nchini Kenya, hesabu hiyo huacha nafasi moja nzuri ambayo ni likizo ya Agosti. Hata hivyo mlima huu hauna mwezi mkavu kabisa, na mvua ya mawe inaweza kuanguka mchana wa mwezi wowote. Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu 1949 na liko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya, KWS. Viingilio na ada ya kambi hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, kwa hiyo malipo yafanywe kabla ya kuondoka mahali penye mawasiliano mazuri, risiti ihifadhiwe kwenye simu, na nakala moja ichapishwe kwa siku ambayo simu itazima kwa baridi.

Kuhusu baridi, hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Aliyeacha nyuzi 30 Mombasa atakuta mchana wa nyuzi 10 ziwani, na usiku wenye anga wazi utashuka hadi sifuri au chini yake. Asubuhi turubai la hema huwa limeota barafu nyembamba, na maji yaliyosahaulika kwenye sufuria yameganda juu. Watu wengi hukosea hapa kwa kurundika mablanketi juu ya mtoto huku chini yake kukiwa na mkeka mmoja. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi lililolaliwa limebanwa, halina hewa ya kutunza joto. Godoro la sponji la inchi tatu, lililowekwa juu ya turubai kavu, lina faida kuliko mablanketi mawili ya ziada. Kila mtu awe na mfuko wa kulalia unaofaa nyuzi sifuri au chini ya hapo, na mtoto mdogo alale katikati ya watu wazima wawili.

Nguo za kulalia ziwe za kulalia tu. Mtoto aliyecheza mchana ana jasho au umande kwenye soksi hata kama hajisikii kuloa, na soksi hizo ndizo zitakazomwamsha saa nane za usiku akilia kwa baridi ya vidole. Jua likianza kuteremka, mvue kila kitu, mvalishe sweta kavu, soksi nzito kavu na boshori inayofunika masikio. Kisha chemsha maji, yamimine kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachofunga sawasawa, ivishe soksi, na itie ndani ya mfuko wake nusu saa kabla hajaingia. Pale ikweta inapopita, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Usiku ni mrefu wa saa kumi na mbili, na mtoto aliyeingia kitandani akiwa na joto hulala karibu wote.

Jiko la makaa lisiingie ndani ya hema kwa sababu yoyote ile. Hata likionekana limekaribia kuzima, hata mlango ukiachwa wazi kidogo, hata kwa dakika kumi za kupasha hewa joto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hana namna ya kuitambua. Huzidi kusinzia tu hadi moyo usimame. Kila msimu wa baridi Afrika Mashariki husikia habari za familia zilizokufa hivyo katika vyumba vya matofali vilivyo na madirisha. Hema ni dogo kuliko chumba chochote, na usiku wenye barafu kila mtu hutamani kulifunga. Jiko la gesi nalo halitakiwi humo. Pikia nje, chini ya turubai lililofungwa juu na kuachwa wazi pande zote.

Moto wa kuni nao usiwashwe nyikani. Majani ya huko hukauka hadi yakawa kama karatasi, na mwezi Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyika za Mlima Kenya. Watoto wakitamani moto, wauote langoni penye mahali palipotengwa, askari wakiruhusu.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu unatosha familia kwa siku tatu au nne. Asubuhi yenye barafu gesi hupoteza nguvu, hivyo ukiutunza mtungi chini ya turubai na kuukinga na upepo, chai itawahi. Jambo linalowashangaza wapishi wengi ni kwamba maji huchemka mapema huko juu, kwenye nyuzi 88 au 89. Yanatokota, lakini hayana joto la kutosha kulainisha maharagwe. Githeri mbichi itachemka jioni nzima na bado itakuwa ngumu. Chemsha githeri, maharagwe na ndengu nyumbani hadi ziive kabisa, uzipakie kwenye vyombo vyenye vifuniko, na mlimani ziungwe tu kwa vitunguu na nyanya. Mchele huchukua muda mrefu na gesi nyingi usipoulowesha kwanza. Ugali hauna shida. Chapati zilizopikwa nyumbani huliwa siku mbili za kwanza, na uji wa wimbi wenye karanga za kusaga ndio chakula cha alfajiri kinachomfaa mtoto aliyepoteza hamu, maana hewa nyepesi hupunguza hamu ya kula. Mpe kidogo mara nyingi: ndizi, karanga, biskuti, chai ya tangawizi yenye sukari.

Maji ya mito na ya ziwa huonekana safi, ila wanyama hunywa humo na watu hupita juu yake. Yachemshwe, na kwa sababu ya mwinuko yaachwe yatokote dakika tatu kamili kabla ya kuepuliwa. Chupa za maji za plastiki za kutupwa zisipakiwe kabisa. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, na mifuko ya plastiki ilikuwa imekatazwa nchi nzima tangu Agosti 2017. Madumu na chupa za kudumu ndivyo vyombo vya safari hii, na takataka zote, maganda ya machungwa yakiwemo, hurudi na gari. Baridi ya huko huchelewesha kila kitu kuoza. Sabuni isitiwe ziwani hata kidogo. Vyombo na watoto huoshwa kwenye beseni, maji yakamwagwe mbali na ufuko.

Na sasa kichwa kinachouma. Kwenye mita 3,455 hewa ina theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata mtu aliye pwani. Wengi hupata kichwa kizito kidogo usiku wa kwanza na kikaisha kwa maji, chakula na usingizi. Ugonjwa wa mwinuko huanza pale kichwa kinapoambatana na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu au kukosa usingizi. Mtu mzima ataeleza. Mtoto wa miaka mitano atanuna, atakataa kula, ataacha kucheza na kulia bila sababu, na mzazi aliyechoka atasema ni ukaidi au usingizi. Mlimani dalili hizo zichukuliwe kuwa ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mtoto apumzike, anywe, apewe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, na asipande hatua nyingine juu. Asipopata nafuu, familia ishuke langoni au chini zaidi siku hiyohiyo, hata kama hema limeshasimikwa na chakula kiko motoni.

Dalili mbili hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni kukohoa na kuhema kwa shida mtu akiwa ameketi tu, dalili ya maji kwenye mapafu. Ya pili ni kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au usingizi ambao mtoto haamshiki vizuri, dalili ya uvimbe wa ubongo. Yote mawili huua kwa saa chache, na dawa yake kuu ni kushuka. Kwa hiyo gari liegeshwe likiwa limeelekea njia ya kutokea, lenye mafuta ya kutosha, na angalau watu wazima wawili wawe wanajua kuliendesha kwenye njia mbovu. Mji wa Chogoria una hospitali kubwa iliyoanzishwa na wamishonari wa Kiskoti mwaka 1922, na kushuka tu kuelekea huko ni nusu ya tiba.

Wapo wasiopaswa kulala ziwani kabisa. Mtoto ambaye hajaweza kueleza anavyojisikia ni mmoja wao, na madaktari wengi wa milimani hushauri hivyo hivyo. Mwenye selimundu ni mwingine: oksijeni ikipungua, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu yatakayomshika huko juu hayana msaada wa karibu. Familia ambazo ugonjwa huo upo kwenye ukoo zipime kwanza kabla ya kupanga safari. Wenye matatizo ya moyo au mapafu na wajawazito wamwone daktari. Mtoto aliyetoka kuugua mafua makali au kifua aachwe apone vizuri, kwani mapafu yake huwa rahisi kujaa maji kwenye mwinuko. Mbu wa malaria hawaishi huko juu, lakini vimelea alivyoumwa navyo mtoto Kisumu au Kilifi wiki moja kabla vinaweza kuamka akiwa mlimani. Homa ya juu ipimwe malaria, isidhaniwe ni mwinuko tu.

Jua lenyewe nalo ni kali, ingawa hewa ni baridi. Nguvu ya miale inayochoma ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na ngozi nyeusi huungua pia, hasa pua na midomo. Kofia pana mchana, mafuta ya kukinga jua usoni, mafuta ya mgando midomoni.

Mahali pa kusimika hema pachaguliwe mchana. Hewa baridi huteremka na kujaa kwenye mabonde, kwa hiyo sehemu iliyoinuka kidogo kutoka ufukweni ina usiku mwema kuliko ukingo wenyewe, na pia haiko kwenye njia ya wanyama wanaokuja kunywa. Nyati na pofu hupita nyika hizi. Fisi na chui nao wapo, ingawa wageni huwaona kwa nadra. Chakula chote kilale ndani ya gari. Mtoto asitoke nje peke yake usiku; ndoo yenye mfuniko ndani ya hema la wazazi humwepusha na kutembea gizani na kupoteza joto lote alilolikusanya. Mchana, penye choo kitumike. Pasipo na choo, shimo lenye kina cha sentimita 20 lichimbwe zaidi ya mita 60 kutoka kwenye maji.

Watoto watafanya nini huko? Wazazi wengi huuliza hivyo kwa wasiwasi, na jibu limejaa pande zote za hema. Kuna lobelia zenye majani yaliyojipanga kwa duara, na katikati ya duara hilo, katika aina iitwayo Lobelia keniensis, kuna dimbwi la maji. Usiku majani hujifunga kulinda chipukizi la ndani, na dimbwi huganda juu huku maji ya chini yakibaki maji. Mpe mtoto tochi ya kichwani jioni, aone mmea umefungwa, kisha mrudishe kwenye mmea huohuo saa mbili asubuhi aone ulivyofunguka na abonyeze kipande cha barafu kwa kidole. Somo la mimea la muhula mzima halitampa hilo. Zipo pia lobelia ndefu zenye manyoya, Lobelia telekii, ambazo ndege aina ya chozi wenye rangi ya kijani inayong'aa huzirukia kutafuta chakula, na mimea ya sinesio iliyo mikubwa kuliko baba yake mtoto. Nyika hii ina joto la mchana na barafu ya usiku kila siku ya mwaka, na mimea hiyo yote imeumbika kwa ajili hiyo. Mtoto akishalijua hilo ataanza kuuliza maswali mwenyewe.

Kwa miguu, kilima cha Mugi kilicho jirani, chenye mita 3,507, ni matembezi ya asubuhi moja kwa mtoto aliyekwisha zoea hewa. Maporomoko ya mto Nithi hufikiwa kutoka mwisho wa njia ya magari, na mwongozaji wa Chogoria huyajua vizuri, pamoja na vichaka wanapopenda kujipumzisha nyati. Kodi mwongozaji hata kama ramani iko kwenye simu. Toka mapema, kwani mara nyingi anga huwa wazi hadi saa tano hivi, kisha mawingu hupanda kutoka bondeni na kufunika njia kwa muda mfupi. Filimbi shingoni mwa kila mtoto, na agizo la kuketi palepale akipotea. Kuogelea hapana. Maji ni baridi kiasi cha kulegeza misuli ya mtoto kwa dakika chache, na kumpasha joto tena kwenye upepo ule ni kazi ngumu.

Familia yenye mtoto mchanga, au ambayo haijawahi kulala nje hata usiku mmoja, isilazimishe. Inaweza kukaa mabandani langoni, ipande ziwani saa mbili asubuhi, ile chakula cha mchana kando ya maji na kurejea kabla ya saa tisa alasiri. Kwa wanaotaka ziwa la milimani lenye hewa ya kutosha kwa kila umri, yapo ya chini. Ziwa Duluti, lililo kwenye kasoko karibu na Tengeru nje ya Arusha, liko chini ya mita 1,300 na lina msitu wa kuzunguka kwa miguu na mitumbwi ya kukodi. Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, liko mita 1,962, halina mamba wala viboko, na kambi za kando yake na za visiwani huruhusu watoto kuogelea. Jaketi la kuokolea livaliwe hata na wanaojua, kwa sababu kingo zake huzama ghafla.